Kizingiti cha Buti la Allodola

Torino, 27 Februari 1989

Mjomba Firmino,

Shikamoo. Salamu za Mama zinatangulia zangu, maana amesimama nyuma ya kiti anachungulia ninachoandika. Anauliza kama ile sweta ya kijivu ilikutosha, na kama bado unakula umesimama jikoni kama farasi. Goti lake linamsumbua baridi ikikaza, lakini jana kakunja agnolotti, zile tambi za kujazwa nyama, trei mbili nzima. Anasema ukishuka mjini utazikuta, usiposhuka zitaliwa na majirani. Bi Ersilia wa ghorofa ya chini keshaanza kupita mlangoni akinusa.

Sasa Mama ameenda kulala, niseme lililonikalisha hapa.

Nimepewa Allodola. Nimepewa mimi, Mjomba! Juzi Injinia Borgogno aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia: "Bertaina, gari lina miaka mitatu sokoni na limeanza kunuka uzee. Wajerumani wametoa jipya, Wafaransa wanatoa jipya mwakani. Kiwanda chetu cha Corsaglia hakina uwezo wa kutengeneza gari jipya. Kwa hiyo utalibadilisha sura hili hili, liishi miaka mingine minne." Milango nisiguse, paa nisiguse, injini nisiitazame hata kwa jicho. Vyangu ni taa, bampa, dashibodi, viti, na sehemu ya nyuma.

Wewe ndiye uliyelichora. Hakuna anayelijua kama wewe. Basi nakuuliza kama ninavyokuuliza mambo tangu nikiwa na kaptula: ungerudishiwa kalamu leo, ungeanza kurekebisha wapi?

Najua hupendi kuzungumzia kazi tangu ulipostaafu. Lakini ni wewe uliyenishika mkono ukaniingiza pale kiwandani, na ningependa kazi hii yangu ya kwanza iwe na mkono wako ndani yake.

Mpwa wako,
Valerio


Bossolasco, 19 Machi 1989

Valerio,

Marahaba. Sweta imetosha, mwambie Tilde, ila mikono mirefu. Amesahau kwamba sisi wazee tunapungua. Huku theluji ilifika dirishani, sasa imeyeyuka na kila kitu ni tope. Sungura jike mkubwa amekula wanawe wawili. Jirani anasema ni hofu, mimi nasema ni tabia. Nitamchinja Pasaka.

Simu usijaribu tena. Niliing'oa. Ilikuwa inalia kwa watu waliokosea namba tu.

Kwa hiyo wameamua kumtia poda mzee wangu. Vizuri. Na kati ya watu wote wakakuchagua wewe. Vizuri zaidi.

Unaniuliza ningeanza wapi. Achana na taa. Taa ni za wauza magari. Nenda nyuma, fungua buti, utazame kizingiti. Mama wa watoto wawili anatoka sokoni na kikapu cha viazi, na inabidi akinyanyue mpaka kifuani kabla hajakitua ndani. Watu walisema sana kuhusu kizingiti kile. Bila shaka unakumbuka walivyosema.

Kishushe. Kishushe mpaka usawa wa bampa, mlango wa nyuma ufunguke mpaka chini kabisa, kikapu kiingie kwa kusukumwa tu. Kata bati bila huruma. Watakupigia makofi, mwanangu.

Kula vizuri. Tilde asipande ngazi na goti lile.

Firmino


Torino, 6 Aprili 1989

Mjomba wangu,

Ungekuwepo! Ukishuka leo nakubeba begani mpaka uwanja wa San Carlo.

Tulitengeneza sanamu ya udongo ya nyuma yote, saizi kamili, kizingiti kikiwa chini kama ulivyosema. Borgogno aliizunguka mara nyingi, mikono nyuma. Kisha akainama akaweka mkoba wake ndani ya buti, akautoa, akauweka tena, kama mtoto. Akasema: "Wazo la nani?" Nikasema ni la ofisi.

Usikasirike. Jina lako pale bado linawafanya watu waangalie viatu vyao. Nitalitaja wakati ukifika.

Kisha wakaleta akina mama wa mtaani kujaribu, kila mmoja na mifuko yake. Mmoja akapiga makofi kweli! Akasema, "Hatimaye mmekumbuka kwamba sisi hatuna shingo za punda."

Jambo moja tu linanisumbua. Ni kitu chepesi mno. Kwa nini hukukifanya mwenyewe mara ya kwanza?

Mama anakuja kwako mwisho wa mwezi kwa basi. Mimi siwezi, tunafanya kazi mpaka Jumapili. Nimempa kahawa ile uipendayo.

Valerio


Bossolasco, 2 Mei 1989

Valerio,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa napanda nyanya na kwa sababu sikutaka kujibu haraka.

Tilde alikaa siku nne. Alifua mapazia yasiyohitaji kufuliwa na akalia kwenye kaburi la mama yetu, kisha akacheka njia nzima ya kurudi. Yule ndiye mtu wa pekee katika ukoo huu mwenye moyo wa kawaida. Nilimlea tangu ana miaka tisa, wazazi walipotutoka, na sijui alikotoa moyo ule, maana kwangu hakuutoa. Alinieleza habari zako kwa fahari mpaka supu ikapoa.

Unauliza kwa nini sikufanya. Ni mashine. Mashine za kukandamiza bati za wakati ule hazikuweza kukunja kona ile bila kuipasua. Sasa mna mpya. Ni hilo tu.

Nami nikuulize kwa udadisi wa mzee. Mnalijaribu wapi? Likiwa tupu au limepakiwa? Barabara laini au ya mawe?

Umefanya vizuri kutolitaja jina langu. Wazo la ofisi. Nimelipenda neno hilo, nimelirudia peke yangu zizini.

Firmino


Torino, 14 Julai 1989

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, anakusalimu. Joto limetukaba, watu wanalala madirisha wazi na redio zote za mtaa zinaingia ndani.

Nisamehe kwa ukimya wa miezi miwili. Kazi ni nyingi.

Umeuliza tunalijaribu wapi. Uwanjani, kwenye lami laini, likiwa tupu. Borgogno anataka kuokoa muda. Anasema bodi ya gari ni ile ile ya zamani na ilishajaribiwa vya kutosha enzi zako.

Mwezi uliopita nilikutana na Gildo Pautasso, yule aliyekuwa dereva wa majaribio. Siku hizi anakaa langoni anafungua kizuizi. Miaka yote nampita asubuhi namwambia "habari", sikuwahi kumtazama vizuri. Jicho lake la kushoto ni la kioo. Nilidhani alizaliwa hivyo. Tulikunywa divai pamoja baada ya kazi. Anakusalimu sana, anasema wewe ulikuwa bosi wa pekee aliyekwenda kumtazama hospitalini.

Mjomba, kuhusu mlango ule wa nyuma. Kuna kitu chochote ambacho ungependa kuniongezea? Hata kidogo.

Valerio


Bossolasco, 30 Julai 1989

Valerio,

Mvua ya mawe ilipiga tarehe ishirini na mbili. Zabibu zimekwisha, nyanya zimekwisha, vigae vya zizi vimetoboka. Ilichukua muda wa kuvuta sigara moja. Jirani alipiga magoti shambani akamtukana Mungu kwa lugha safi kabisa. Mimi nilitazama tu.

Gildo anakunywa. Alikuwa anakunywa hata zamani. Usijaze kichwa chako maneno ya mtu wa langoni.

Alisema nini?

Kuhusu mlango, sina la kuongeza. Uzuri wake umeuona mwenyewe, makofi umeyasikia.

Firmino


Torino, 11 Septemba 1989

Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa zabibu. Mama alitaka kukutumia vigae kwa posta, nikamzuia.

Tunalo gari la kwanza lililokamilika, la rangi ya buluu kama wino. Sura mpya, taa nyembamba, dashibodi laini, na nyuma ni vile vile ulivyonishauri. Hatujagusa kitu. Limekatwa bila huruma.

Nimepata habari njema ya kukupa. Borgogno ameniruhusu kulichukua mwisho wa wiki, na Mama ameamua tuje kwako Jumapili, tarehe mosi Oktoba. Ameshachagua kofia. Atakaa kiti cha nyuma, katikati, kwa sababu mbele nitamweka Bi Ersilia ambaye mgongo wake hauwezi kujikunja. Buti tutalijaza: anakuletea cherehani ya zamani, madumu mawili ya mafuta, na ile meza ya marumaru ya bibi uliyoomba. Gari litakuwa limekaa chini kwa uzito. Tutapita Dogliani na kupanda ile njia ya juu, yenye mashimo, kwa sababu anaipenda mandhari.

Hajui lolote la magari, unamjua. Ameniuliza tu: "Ni kweli kaka yangu amekusaidia kulichora?" Nikamjibu ndiyo, nyuma yote ni yake. Alifurahi mpaka akaniomba nilipeleke mtaani alishike.

Kama kuna jambo, una wiki tatu. Posta ya Bossolasco inafunguliwa kila asubuhi isipokuwa Jumapili. Nimeuliza.

Valerio


Bossolasco, 20 Septemba 1989

Valerio,

Njia ya juu ni mbovu mwaka huu. Mvua imeichimba.

Tilde aje kwa basi. Basi la saa mbili ni zuri na dereva ni mtu wa hapa. Meza ya marumaru siihitaji tena. Madumu ya mafuta siyahitaji.

Kama ni lazima aje na gari, akae mbele. Nyuma anapata kichefuchefu.

Firmino


Torino, 25 Septemba 1989

Mjomba,

Mama hajawahi kupata kichefuchefu maishani mwake. Kwa nini akae mbele?

Nasubiri jibu.

Valerio


Torino, 9 Oktoba 1989

Mjomba Firmino,

Leo sina salamu.

Jibu halikuja. Jumamosi nilimsubiri tarishi mpaka akanionea huruma. Jumapili tukaja.

Nataka nikuandikie ulichokifanya, kwa sababu najua wewe mwenyewe utakikumbuka vingine. Tuliingia uani kwako saa tano na nusu. Tangu mbali tulikuona umesimama getini, bila kofia, kwenye baridi ile. Mama alisogea dirishani, akashusha kioo akatoa mikono yote miwili nje, akaita, "Firmin! Firmin! Njoo unitoe humu!" Nawe ukampita. Ulimpita dada yako mikono yake ikiwa nje, ukaenda nyuma ya gari, ukainama, ukapitisha kidole kwenye kona ya kioo. Kona ya kushoto, kisha ya kulia. Ukabonyeza. Ukaweka sikio. Ndipo ukageuka kumwamkia.

Hukula. Sungura uliyempika ulimkata vipande vidogo ukavihamisha kutoka upande mmoja wa sahani kwenda mwingine. Mama alisema labda unaumwa. Nami nilikuwa nakutazama, na wewe ulijua nakutazama.

Tulipoondoka ulimwambia mara tatu: "Tilde, kaa mbele." Akacheka: "Unaniona mtoto?" Niliwasha injini nikaiacha inaunguruma. Nilikuwa nakusubiri, Mjomba. Ilikuwa nafasi yako ya mwisho, na ulichotakiwa kusema ni sentensi moja. Ulipiga paa la gari kwa kiganja, kama mtu anayemfukuza ng'ombe, tukaondoka.

Sasa sikiliza. Gildo aliniambia yote mwezi Juni. Kwamba mwaka themanini na nne ulilichora Allodola la kwanza likiwa na kizingiti cha chini, kama hiki hiki. Kwamba mlilipakia mifuko ya mchanga mkalipeleka kwenye njia ya mawe, yeye akiwa kiti cha nyuma anasoma vipimo. Kwamba bodi ilijipinda kama kikapu kwa sababu uwazi wa nyuma ulikuwa mkubwa mno, na kioo kikalipuka nyuma ya kichwa chake alipogeuka kutazama mlio unatoka wapi. Kwamba baada ya hapo ukakipandisha kizingiti mpaka kifuani, kiwanda kikakuamuru usieleze mtu sababu, nawe hukueleza.

Ulijua haya yote ulipoandika "kata bati bila huruma."

Gari ulilolishika lina upau wa chuma chini ya sakafu ya buti, kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Tuliuweka wiki ile ile Gildo aliponiambia. Lami laini na gari tupu nilivyokuandikia Julai vilikuwa chambo; lilipita njia ya mawe likiwa na mzigo mara mbili ya ule wa Jumapili, na mimi mwenyewe nikiwa kiti cha nyuma. Mama hakuwa na hatari yoyote, si ya kwenda wala ya kurudi.

Nilichotaka kujua ni kimoja tu, na nimekijua.

Mama hajambo.

Valerio Bertaina


Bossolasco, 3 Desemba 1989

Valerio,

Upau una kilo ngapi?

Umeandika "Mama hajambo" ukadhani nitaishia hapo. Tilde alikuja. Alikuja Jumatano ya Watakatifu Wote, peke yake, kwa basi la saa mbili. Hakuvua koti. Nilimvutia kiti, akakiangalia kama kitu asichokijua matumizi yake.

Aliniambia yale uliyoyaacha. Kwamba mlipofika kona ya Dogliani alikuuliza, "Mbona kaka yangu alikishika kioo kabla ya kunishika mimi?" Nawe, kwa furaha, ukamweleza. Anasema ulikuwa na furaha, Valerio. Anasema ulieleza kama mtu anayesimulia bao. Kwamba alikuambia usimamishe gari, akashuka, akasimama kwenye majani mpaka Bi Ersilia akaogopa. Kwamba aliporudi alikuuliza: "Na wewe ulinipakia huko nyuma ili yeye afikirie nini?" Akakuambia neno, na neno hilo hilo kaja kuniambia mimi, jikoni kwangu, kwa sauti ndogo: "Mmenipakia kama mfuko wa mchanga. Mmoja kutoka huku, mwingine kutoka kule. Mlitaka kuona nini kitapasuka."

Nilimwambia, "Tilde, nilikuambia ukae mbele."

Akasema, "Ndiyo, Firmin. Ersilia akae nyuma, sivyo? Ersilia ana watoto watatu."

Alikunywa maji, akaosha glasi, akaondoka kwenda kusubiri basi kituoni, na lilikuwa bado saa nzima. Nilimfuata mpaka kwenye ukuta wa kanisa nikasimama pale. Hakugeuka.

Sasa na mimi nikuandikie ulichokifanya, kwa kuwa wewe pia unakumbuka vingine. Vuli ya mwaka themanini na sita. Chumba cha mikutano, ghorofa ya tatu. Borgogno anasoma gazeti kwa sauti: kila Allodola liuzwe na ngazi yake. Mlango ulikuwa wazi. Mimi nilikuwa nje, michoro kwapani, nimeitwa. Walicheka wote, hilo nililitegemea. Lakini kicheko chako nakijua, nimekisikia tangu una meno mawili. Ulicheka wa kwanza na ukamaliza wa mwisho. Kisha Borgogno akakuuliza, "Ni mjomba wako, eti?" Ukasema, "Ni ndugu wa mama." Kana kwamba hiyo ni mbali.

Nilikuwa nimemtia mtu kioo jichoni kwa sababu ya kizingiti cha chini, nikakipandisha ili asitokee wa pili, nikafungwa mdomo, na wewe ukacheka. Wiki mbili baadaye nilikuwa hapa na sungura.

Nilitaka likuvunjikie uwanjani. Likiwa na mifuko ya mchanga, mbele ya Borgogno, wacheke. Nilidhani lazima mtalipakia; hakuna mwehu anayelijaribu gari la familia likiwa tupu. Uliponiandikia kwamba mnafanya hivyo, nilipaswa kuandika siku ile ile. Badala yake nikakuandikia habari za mvua ya mawe.

Barua yako ya wiki tatu niliijibu mara nyingi. Kila niliyoianza ilianza na "nilikudanganya", na mimi neno hilo sikuweza kulipeleka kwako. Kwa mwingine yeyote, labda. Kwa aliyecheka, hapana. Nikaona heri Tilde aje kwa basi.

Sijaomba unielewe. Nimeuliza upau una kilo ngapi.

Firmino Gallesio


Torino, 2 Aprili 1990

Mjomba,

Allodola mpya lilionyeshwa kwa watu mwezi uliopita. Walileta muziki, maua, na wasichana waliovaa buluu. Magazeti yote yameandika kuhusu kizingiti. Moja limesema kwamba hatimaye kijana mwenye akili amesikiliza wanawake. Jina lililoandikwa ni langu. Nilikuwa nimeandaa sentensi ya kukutaja, imo kwenye karatasi niliyopanda nayo jukwaani. Nilipofika mahali pake niliiruka.

Borgogno amenipandisha cheo. Nina ofisi yenye dirisha. Gildo bado yuko langoni. Nilimwombea nafasi ndani, penye joto, wakasema watafikiria.

Kicheko nakikumbuka. Nilidhani hakuna aliyekisikia isipokuwa waliokuwemo. Nilikuwa na miaka thelathini na bosi alikuwa ananiangalia mdomoni. Siandiki hili ili kitu kipungue, naona halipunguzi.

Kuhusu furaha ile njiani: Mama amesema kweli.

Nilimpa gari. Nililipeleka mpaka chini ya nyumba, jekundu, rangi aliyoipenda. Alishuka akalitazama, akasema, "Ni zuri." Akaufungua mlango wa nyuma, akaweka mkono juu ya kizingiti, akaufunga polepole. Akaniambia, "Mpe mtu mwenye haraka." Wiki iliyofuata nilipopita kumwona nikakuta mafundi wanapaka rangi kuta. Fleti amekwisha kuiuza. Bi Ersilia alifungua mlango kiasi cha kuonyesha pua. Nikamwuliza amekwenda wapi. Akasema, "Pwani, kwa rafiki wa shule." Pwani ipi? "Ameniapisha." Nikabisha tena. Akasema kutoka ndani: "Nilikuwa ndani ya gari lile na mimi, Valerio. Mbele au nyuma, nilikuwemo. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza." Akaongeza sauti ya televisheni.

Sijui anwani yake. Najua kwamba kwako atakuwa ameandika, wewe ulimlea, hata akikasirika namna gani lazima amekuambia alipo. Siombi unipe. Najua hutanipa, na mimi nisingekupa. Niandikie tu kwamba ana chumba chenye joto na kwamba goti halijambo. Mstari mmoja unatosha.

Upau ni kilo sita na nusu. Borgogno alitaka nne.

Valerio


Bossolasco, 17 Aprili 1990

Valerio,

Sita na nusu inatosha. Mimi ningeweka saba.

Anwani sina. Barua yako ilipofika nilikuwa nimeshakaa mezani nakuandikia, nikuombe wewe.

Firmino